Karibu, Muuaji Wangu

Kidole changu cha kati, mkono wa kulia, hakinyooki mpaka leo. Aliyekivunja ni mwalimu wetu wa Kilatini. Nimeiandika sentensi hiyo kama alivyotufunza mwenyewe, maana ningeandika kwamba kidole "kilivunjika", au kwamba "fimbo ilinivunja kidole", naye akawa hai na kusoma, angenirudisha mwanzo wa mstari. Kwake yeye hakuna fimbo iliyowahi kumpiga mtu tangu dunia iumbwe.

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sijui, wala sikuwahi kuuliza. Tulijua ni Mngoni, tulijua aliwahi kusomea upadri akaacha au akaachishwa, na tuliujua mkono wake. Shule yenyewe ilikuwa ya misheni, huku juu Rondo kwenye ukungu wa asubuhi, wakati wa Mwingereza. Wanafunzi wengi tulikuwa Wamwera wa vijiji vya jirani, wengine tumekwisha kuota ndevu, na Padri Mkuu alikuwa na hamu kwamba siku moja atoke kwetu hata mmoja wa kusoma misa. Kwa ajili ya huyo mmoja, sote tulipigwa.

Kilatini, alituambia siku ya kwanza, ni lugha inayouliza kama polisi. Jambo likitendwa, inataka kujua kama aliyetenda ana uhai au hana. Akiwa na uhai, anawekewa neno dogo mbele yake, *a*, kama mtu aliyenyooshewa kidole barazani. Kikiwa ni kitu tu, hakiwekewi neno hilo, kwa sababu kitu hakina la kujibu. Akaandika ubaoni: *Discipulus a magistro baculo caeditur.* Mwanafunzi anapigwa na mwalimu kwa fimbo. Kisha akamwita mbele kijana wa dawati la kwanza na kumchapa mgongoni viboko vya kutosha, ili sote tuelewe.

"Umepigwa na nani?" akamwuliza.

Kijana, machozi yakimtoka, akasema amepigwa na fimbo. Akachapwa tena. Akaulizwa tena. Mara hii akasema, "Na wewe, Mwalimu."

"Fimbo ina kosa?"

"Haina, Mwalimu."

"Kaa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka yote niliyosoma pale. Walimu wengine wakikupiga walikuwa wanamaliza hapo, unarudi kukaa upande upande, basi. Huyu ukishapigwa ilibidi umtaje. Na tofauti nyingine ni kwamba walimu wengine walikutuma ukakate mwenyewe fimbo ya kukupigia. Yeye alikata zake, za mkwaju, Jumamosi jioni, akazichuna maganda na kuziloweka. Aliwahi kusema kwamba mtoto akiikata mwenyewe, baadaye atadhani alijipiga.

Nisieleweke vibaya. Mimi simsifu. Wapo wenzangu ambao wakikutana siku hizi huwasikii ila wakimsifu, ati alitunyoosha, ati bila yeye tungekuwa wapi. Mimi najua kijana mmoja aliyekuwa akijikojolea kila asikiapo viatu vyake kwenye kibaraza, na huyo hakunyooka, alitoroka akaenda kukata mkonge na hatujamwona tena. Alipiga vichwa, alipiga vifundo vya vidole, alipiga nyuma ya magoti mpaka mtu anapiga magoti bila kutaka. Mkono wake ulikuwa mwepesi na hasira yake haikuonekana usoni. Alikuwa anapiga huku anapumua taratibu puani.

Lakini mbwa hakumpiga. Punda wa misheni, ambaye kila mtu alimpiga, akifika kwake alisimama na kumnusa mfukoni. Siku moja mnyororo wa baiskeli yake ulikatika njiani, na mwenzetu mmoja, kwa kujipendekeza, akaipiga teke baiskeli. Mwalimu akamwambia asiisumbue, haisikii. Ndugu yangu Damasi alijikwaa siku ile ile, akalitukana jiwe kwa Kimwera tusi zito la mama. Mwalimu akasimama, akalitazama jiwe, akamtazama Damasi.

"Jiwe lilikuwa limelala," alisema. "Aliyekuja ni wewe."

Damasi alipenda sana neno hilo. Likizo akawa analisema nyumbani kila mtu akijigonga mlangoni, mpaka mama yake, ambaye kwangu ni mama mkubwa, akamtishia kwa mwiko.

Damasi ndiye pekee aliyemwelewa Mwalimu kwa mapenzi. Sisi tulijifunza ili tusipigwe. Yeye alijifunza kwa sababu somo lilimnogea, na alipigwa vile vile, kwa kuwa alikuwa na maswali. Alimwuliza kuhusu radi: ina uhai au haina? Mto ukimchukua mtu je? Mwalimu alijibu hayo bila shida. Damasi aligundua hata jambo la lugha yetu ya Kiswahili ambalo sisi tuliokuwa tunaisema kila siku hatukuwa tumelitazama, kwamba kiziwi, ingawa jina lake limekaa na vitu, na viti na vikapu, hatusemi "kiziwi kinakuja". Tunasema anakuja. Damasi alipomwonyesha hilo, Mwalimu alienda dirishani akavuta tumbaku yake ya kunusa, na siku hiyo hakumpiga mtu yeyote.

Swali lililomshinda lilikuwa la simba. Wakati ule simba walikuwa wanakula watu upande wa Njinjo, na huku kwetu kila mtu alijua, au alisema anajua, kwamba wale si simba wa Mungu bali ni simba wa kutumwa. Mtu ana ugomvi na mwenzake, anakwenda kwa fundi wa uchawi, simba anapelekwa. Damasi akasimama akauliza: simba wa kutumwa anawekewa *a*, au hawekewi? Maana ana uhai, tena ana meno, lakini hana la kujibu.

Mwalimu alifunga kitabu. Akasema Warumi nao walikuwa na jambo hilo, kwamba jemadari akishinda vita kwa askari wake, wale askari mara nyingine wanatajwa bila lile neno dogo, wanawekwa pamoja na mikuki na ngazi. Akasema kila anapofika kwenye mistari hiyo hutamani kuuchana ukurasa. Aliyetuma atajibu, alisema, na aliyetumwa atajibu, wote wawili, na asije mtu kumwambia kwamba alikuwa mkuki. Kisha akamwita Damasi mbele akamchapa kwa kuleta ushirikina darasani. "Umepigwa na nani?" Damasi akajibu huku anacheka na kulia.

Kulikuwa na safari moja ya Kilwa Kivinje, tulikwenda kuimba kwenye sikukuu. Mzee mmoja wa mjini, mtu mwenye adabu zake na kanzu safi, alitupitisha mitaani kutuonyesha majumba ya zamani. Alikuwa mkarimu, alitununulia hata kahawa. Tulipofika mbele ya gofu moja akanyoosha bakora yake na kusema, "Hapa ndipo vilipokuwa vikifungwa vikisubiri chombo." Mwalimu akauliza vitu gani hivyo. Mzee akajibu, bila ubaya wowote moyoni, nadhani, kama mtu anayetaja magunia, kwamba ni watumwa.

Mwalimu alimkamata shingoni kwa kola ya kanzu, akambana na ukuta wa matumbawe mpaka kofia ikamdondoka. Alimwambia aseme tena, aseme vizuri. Mzee wa watu akawa hawezi hata kupumua. Sisi tulimshika Mwalimu mikono, na ilibidi tuwe wengi, na Damasi ndiye aliyemwinamia sikioni akamwambia kitu, ndipo alipolegea. Mzee, akiwa anakohoa, alisema, "Walipokuwa wakifungwa." Mwalimu akaiokota kofia, akaifuta vumbi, akamvalisha kwa mikono miwili.

Jioni ile alimpiga mwimbaji mmoja kwa kuchelewa sala, mpaka damu. Nami ndipo nilipojua kwamba mambo haya mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana, na sijui mpaka leo yaliwezaje.

Sasa niseme la utani, kwa kuwa bila hilo hadithi haiendi. Sisi na Wangoni ni watani. Babu zao walipanda huku na ngao wakachoma vijiji vya babu zetu na kuchukua wanawake, na vita vilipokwisha, watu walikaa wakakubaliana kwamba badala ya kuuana sasa tutatukanana. Ndiyo maana Mngoni akiingia kwa Mmwera anaweza kumchukulia kuku na kumwita mtumwa wake, na mwenye nyumba anaweza kummwagia maji ya vyombo, na hakuna anayekasirika. Anayekasirika ndiye mkosaji. Msibani ndiyo zaidi. Mtani anafika anajilaza kaburini, anasema hatoki mpaka aletewe jogoo. Anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea. Anawatukana wafiwa kwamba wamemuua ndugu yao kwa uchoyo wa ugali. Neno lolote atakalosema mtani msibani halina uzito, na kwa ajili hiyo linapoza.

Mwalimu hakuutaka utani. Mwaka wake wa kwanza kijana mmoja alimwita "mtani" uwanjani, akamnyang'anya kofia kwa mchezo, kama desturi ilivyo. Alipigwa kofi lililomwangusha. Shuleni hakuna mtani, Mwalimu alisema. Vijijini nako alipita amenyooka, na wazee waliomtupia maneno ya utani walijibiwa "Habari za asubuhi." Walimwona ana kiburi, na wengine walisema huyu si Mngoni, kajisingizia.

Damasi alifariki mwaka ambao tungefanya mtihani wa mwisho. Alikuwa ametoka kuugua homa, kama sote tulivyokuwa tukiugua kila masika, na tumbo lake upande mmoja lilikuwa limevimba kama la mtoto mdogo. Akachelewa darasani. Alipigwa. Hakuna aliyelitia jambo hilo maanani, kwani nani hakupigwa? Aliulizwa, akajibu, akakaa. Jioni akasema ana baridi. Kesho yake amekuwa mweupe midomo, na mganga wa zahanati ya misheni akasema homa imerudi. Tulimbeba kwa machela mpaka kwao, na akafia mapajani kwa mama yake kabla jua halijazama. Homa imemchukua, ndivyo tulivyosema sote, na Padri Mkuu akasema hivyo hivyo kanisani.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Damasi alikuwa ndugu yangu wa kulala mkeka mmoja. Mama mkubwa yeye hakulia. Alikaa ukutani, macho makavu, hataki chakula, hataki maji, na wanawake wakawa wanaogopa kwamba atamfuata mwanawe.

Watani walikwishafika, Wangoni wawili watatu wa huko bondeni, wakafanya vituko vyao, wakapakaa watu majivu, na mama mkubwa hata hakugeuza shingo. Ndipo Mwalimu alipoingia uani. Amevaa kaptula yake ya kaki iliyopigwa pasi. Hakuwahi kuonekana msibani kwetu hata mara moja. Alivuka katikati ya watu, akasimama mbele ya mama mkubwa, mikono imeshuka.

"Mama," alisema, "mwanao nimemuua mimi."

Mzee mmoja akaangua kicheko, na ua mzima ukafuata. Mngoni yule mwenye kiburi, asiyetania, kumbe alikuwa anaweka akiba. Mimi mwenyewe nilicheka huku kamasi zinanitoka. Na mama mkubwa akainua kichwa, akamtazama, midomo ikaanza kumcheza, akacheka. Alicheka mpaka akashika ardhi kwa viganja vyote viwili, na ndani ya kicheko kile ndipo kilio kilipotoka, kilio kilichokuwa kimekwama tangu jana, na wanawake wakamzunguka wakimshukuru Mungu.

Mwalimu akasema tena, kwa sauti zaidi, kwamba anasema kweli. Watu wakashikana mbavu. Mama mkubwa akachota unga kwenye ungo akamrushia usoni. "Mngoni wewe, hata leo?" alisema. Mtu akammwagia maji. Akabaki amesimama pale, uso mweupe wa unga uliolowa, anatazama huku na huku, na sura yake ile iliwachekesha watu kuliko maneno. Walimpa jeneza abebe upande wa mbele, kwa kuwa mtani wa namna hiyo hastahili kubeba nyuma.

Habari ile ilisimuliwa Rondo miaka na miaka. Na mama mkubwa, kuanzia siku hiyo, hakumwita Mwalimu kwa jina lingine. Akimwona njiani anapiga kelele toka shambani, "Karibu, muuaji wangu." Mbaazi zikikomaa anampelekea. Boga la kwanza, la muuaji. Aliniambia mara moja kwamba isingekuwa Mngoni yule, yeye angekufa siku ile ukutani, na kwamba Mungu huleta mtani wake hata kwa njia ya mtu mwenye uso wa mlango uliofungwa.

Mwalimu hakushika tena fimbo. Sisi tulidhani amechoka. Alifundisha anaangalia juu ya vichwa vyetu, na darasa, likishaona hapigwi mtu, likaharibika. Tukaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, wakubwa wakawaonea wadogo vibaya sana, mmoja akang'olewa jino kwa ubao wa dawati. Padri Mkuu alileta mzee mmoja aliyekuwa askari wa Mwingereza, kazi yake kuchapa tu. Huyo alipiga kama anayetwanga, hakuuliza kitu. Ukishapigwa unakwenda zako, na hakuna wa kumtaja.

Miaka ikapita. Mimi nilikuwa karani katika shamba la mkonge karibu na Lindi, nimeoa, nina kitambi cha kwanza. Siku moja Mitwero, jirani na Lindi, nikitoka kumwona fundi cherehani, nikamwona Mwalimu amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha kupanga, amekonda, kaptula ile ile au mdogo wake. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akautazama mkono wangu, akaomba kidole. Akakishika pale kilipopinda, akakibonyeza taratibu, akasema, "Hiki nilikivunja mimi." Nikasema ndiyo, Mwalimu. Akanikaribisha ndani.

Alikuwa anakohoa vibaya na alijua kwamba hana muda. Alinieleza mambo kwa mpango, kama anayefundisha. Wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza alikuwa mpagazi, huku huku bara ya Lindi. Mpagazi mwenzake, aliyekuwa ametoka homani, alipigwa teke la ubavu na askari kwa kuutua mzigo. Siku iliyofuata akawa mweupe midomo, akasema ana baridi, akafa. Bwana mkubwa akasema ni homa. Yeye ndiye aliyembeba, na tumbo lile lilikuwa limejaa damu kama kiriba. Homa ikimkaa mtu muda mrefu, alisema, bandama huvimba na kuwa laini, na pigo dogo tu linaipasua.

"Siku ile Damasi alijipinda," alisema. "Fimbo ikaangukia ubavu wa kushoto." Akatikisa kichwa kwa kujichukia. "Hapana. Nilimpiga ubavu wa kushoto. Nilimpiga mimi, na nilisikia mkononi jinsi palivyobonyea, na nilijua kabla hajakaa."

Alikuwa amemwambia Padri Mkuu usiku ule ule. Padri alimwambia ni homa, na kwamba Mungu humchukua amtakaye, na kwamba shule ikifungwa watoto wangapi watarudi porini. Akamkataza kwa kiapo kwenda bomani. Kwa mama hakumkataza, kwa kuwa hakufikiri kwamba angekwenda. Basi akaenda. Yaliyotokea huko nayajua.

Sikumbuki niliondokaje kwenye kigoda. Nakumbuka nilikuwa nimemkaba, shingo yake nyembamba ikiwa yote ndani ya mikono yangu, na macho yake yakiwa yametulia yananitazama, hapigi hata kofi. Kilichonizuia si huruma. Ni kwamba niliona anafurahi. Nikamwachia, akaanguka juu ya kitanda cha kamba, akakohoa muda mrefu. Alipotulia nikamwuliza anataka nini kwangu.

Alitaka nikamwambie mama mkubwa. Yeye amejaribu, alisema, amejaribu mara nyingi kuliko ile ninayoijua. Kila akifungua mdomo mama anacheka na kumpa boga. Mtani hasikiki. Lakini mimi ni mtoto wake, na hakuna utani kati ya mtu na mama yake mkubwa. Nikilisema mimi, litakuwa limesemwa.

Nilimwambia yule mama ni mzee sasa, amekwishapoa, ana furaha yake ndogo, ya nini kumchimbulia. Akajibu kwamba mama anamshukuru kila mwaka mtu aliyemuua mwanawe, na kwamba yeye, kila boga analokula, analila kwa wizi. Nikamsaidia kuinuka kitandani. Tukapanda lori la magogo linalorudi Rondo tupu.

Tulimkuta mama mkubwa uani anatwanga mtama. Alipotuona akapaza sauti, "Karibu, muuaji wangu. Umenikondea hivyo, unakula nani siku hizi?" Majirani waliokuwa wanachambua mbaazi chini ya ukingo wa paa wakaanza kucheka tayari. Mwalimu akasimama pale pale aliposimama siku ya msiba. Mimi nikamwinamia mama mkubwa, nikamshika mkono usioshika mchi, nikamweleza kwa Kimwera, kidogo kidogo, mpaka mwisho. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Ubavu upi?"

"Wa kushoto, mama."

Akaangalia mapaja yake, pale kanga ilipotanda. "Alikuwa anaushika huo," alisema. "Alikuwa anaushika, na mimi nikawa nampaka mafuta kichwani."

Kisha akauinua mchi. Alikuwa mwanamke mzee, lakini alikuwa ametwanga maisha yake yote na mabega yake yalikuwa yangali na nguvu. Pigo la kwanza lilimpata Mwalimu begani, la pili alilipokea kwa mkono, si kwa kujikinga, ila mkono ulikuwa pale, na sote tulisikia mfupa. Akapiga magoti. Majirani walikuwa wanagaagaa kwa kicheko. Mmoja alipiga vigelegele. Bibi amechoka na mtani wake leo, walisema, amempikia ugali wa mchi.

"Msicheke," mama mkubwa alisema. "Huyu ndiye aliyemuua Damasi."

Wakazidi. Neno hilo walilijua, ni la miaka yote. Alilisema tena, sauti ikipasuka, na mzee mmoja akafuta machozi ya kicheko akamwomba asimalize maneno. Mama mkubwa aligeuka akawatazama mmoja mmoja, mchi mikononi, mdomo wazi. Halafu akamtazama Mwalimu pale chini, naye Mwalimu akamtazama, na nikaona mama mkubwa ameelewa sasa jinsi ilivyokuwa kusimama uani pale na unga usoni.

Mchi ukaanguka. Hapana. Aliuangusha. Akaja karibu, akasema kwa sauti ya chini ambayo sisi wawili tu ndio tulioisikia, "Usije tena hapa. Nikifa usije. Sina mtani."

"Ndiyo, mama," Mwalimu alisema.

Mama mkubwa aliingia ndani akafunga mlango, mchana ule, na mtama kinuni. Hapo ndipo kicheko kilipoanza kupungua, mtu mmoja mmoja, na mwanamke aliyepiga vigelegele akaniuliza kuna nini. Nikawaambia. Sikukaa kuona nyuso zao.

Barabarani tulipata lori lingine linaloteremka Lindi. Nilikuwa nimemfunga mkono kwa shati langu na vipande viwili vya mti. Utingo, kijana mchangamfu, akamsaidia kupanda, akauona mkono ulivyovimba, akauliza mzee kaanguka wapi. Nilifungua mdomo kusema mtini.

"Sikuanguka," Mwalimu alisema. "Nimepigwa na mama mmoja wa Kimwera, kwa mchi."

Utingo akacheka. Akasema basi mzee ni Mngoni, mambo yenu ya utani hayo, mtauana siku moja.

"Yule si mtani wangu tena," Mwalimu alimjibu. Akakiegemeza kichwa kwenye ubavu wa lori, akafumba macho, na akalala mdomo wazi mpaka Mitwero.